Ratiba ya Nanyama

Kosa lilikuwa kuitundika ukutani.

Mwalimu Wanja, anayewafundisha watu wazima kidato cha nne katika ukumbi mmoja wa kanisa huko Kawangware, ndiye aliyewaambia: "Andikeni ratiba, kisha muitundike pale macho yenu yanapokaa zaidi." Macho ya Nanyama yalikaa zaidi kwenye cherehani, ndani ya kibanda chake cha mabati Soko la Toi, alikokuwa akipunguza viuno vya suruali za mitumba na kukata pindo. Basi alichana ubavu wa katoni, akapiga mistari kwa rula, akaandika kwa herufi kubwa: Kemia, Hisabati, Historia, kila somo na saa yake. Aliacha shule kidato cha pili. Sasa, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa akimaliza kwa miaka miwili masomo ambayo watoto hupewa miaka minne.

Kadibodi ile haikumaliza siku moja kabla Aluoch, muuza viatu wa kibanda cha pili, hajasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kumbe Jumatano saa kumi huna kitu!"

"Nimeandika Jiografia, Aluoch."

"Si ndio nasema. Huna kitu. Utanishikia duka nikachukue mzigo."

Tangu hapo Soko la Toi lote lilijua Nanyama yuko wapi saa ngapi. Wateja waliisoma wakingoja suruali. Waumini wenzake waliisoma. Kamati ya wapangaji wa ploti anapoishi kule Kibera ilimtuma mtu aje ainakili. Na kwa kuwa yeye alikuwa akisoma, kila kundi lilimfanya katibu. Nani mwingine aandike kumbukumbu za kikao, na Nanyama yupo kidato cha nne? Kadiri alivyosoma ndivyo walivyozidi kumnyima nafasi ya kusoma.

Jumamosi mbili alikosa darasa la saa nane mchana. Moja kwa kamati ya mazishi, nyingine kwa kamati ya harusi ya Vincent, kijana wa nyumbani kwao. Mwalimu Wanja alimwita kando.

"Nanyama, kanuni unaijua. Ukikosa ya tatu, kiti chako nampa Nthenya. Yuko kwenye foleni tangu Januari. Na Jumamosi hii ni Hisabati, mtihani wa majaribio. Usinitumie ujumbe wa pole. Njoo."

Jumatatu akaja Mzee Khamala, mwenyekiti wa chama cha watu wa nyumbani kwao. Alivaa koti lake la vikao, kwapani ana daftari la jalada jeusi. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kadibodi, akapeleka kidole hadi Jumamosi.

"Hapa, binti. Saa saba mpaka saa nane. Hujaandika kitu."

"Hapo niko njiani, mzee. Naenda Kawangware darasani."

"Saa nzima ya njia?"

"Barabara ikijaa magari inapita saa nzima!"

"Basi tutafanya haraka. Ni kikao kidogo tu, cha kuamua siku ya kikao."

Nanyama alisimamisha cherehani. Alimtazama mzee huyu ambaye hajawahi kumaliza sala ya ufunguzi chini ya robo saa. "Mzee, nikikosa Jumamosi hii wananitoa. Hiki kiti sikipati tena."

"Hisabati haikimbii," alisema Khamala kwa upole. "Watu ndio hukimbia. Saa saba, binti."

Akaenda zake. Nanyama akabaki na sindano mdomoni, na maneno ambayo hayangemfaa mtu wa kanisa.

Asubuhi iliyofuata aliigeuza kadibodi. Upande wa nyuma akapiga mistari upya, na kila mahali palipokuwa na somo akaandika neno moja: Kikao. Kemia ikawa Kikao. Historia ikawa Kikao. Jumamosi saa saba: Njiani kwenda kikao. Saa nane: Kikao, Kawangware.

Ilifanya kazi, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Jumatano Aluoch alikuja na funguo za duka mkononi, akasoma, akarudi kinyumenyume.

"Pole, mami. Sikujua una kikao."

Hata redio akaipunguza. Miaka miwili hakuna mtu aliyeiheshimu Jiografia, na sasa neno moja tu limewatia adabu! Nanyama alifunua kitabu chake chini ya meza ya kukatia, akasoma kwa hasira, na akasoma vizuri.

Jumamosi, saa saba kasoro, akiwa tayari amefunika cherehani, Mzee Khamala akatokea. Alisoma ukuta. Akausoma tena. Uso ukamsawijika.

"Kikao Kawangware. Watu wetu wamejaa Kawangware. Na mimi mwenyekiti sijaarifiwa?"

"Mzee, sio kikao cha namna hiyo..."

"Chetu kitangoja. Twende. Nataka kuona waliokiitisha."

Hakukuwa na muda wa kubishana. Njia nzima mzee alinung'unika juu ya vijana wanaoanzisha kamati kichinichini, na Nanyama alitazama saa ya simu yake mpaka betri ikapungua. Waliingia ukumbini saa nane kasoro dakika kumi. Watu wazima kumi na tisa walikuwa wameketi kwa mistari, kimya, kalamu mkononi. Mwalimu Wanja alikuwa na karatasi kifuani.

Khamala aliwatazama. Hajapata kuona mkutano wenye nidhamu kama ule. Akavua kofia.

"Kabla hatujaanza," akatangaza, "tuombe."

Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkatiza. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, wajane na Vincent. Nanyama aliomba pia, kwamba mzee apungukiwe na pumzi. Amina ikafika saa nane na dakika nane.

"Asante, mzee," Mwalimu Wanja akasema, meno yamebanana. "Muda ni saa mbili na nusu. Sitaongeza hata dakika. Nanyama?"

"Nipo!"

Jina likawekewa alama. Nthenya, aliyekuwa amesimama mlangoni na rula yake, akageuka akaondoka.

Simu ya Khamala ikalia. Akaipokea kwa sauti ya mtu aliye mbali na mnara wa simu. "Siwezi. Niko kikaoni. Ndiyo, katibu yuko hapa, ana kazi. Msimpigie!" Kisha akavuta kiti hadi mlangoni, akafungua daftari jeusi magotini, akatafuta kalamu. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya uenyekiti wake, kumbukumbu aliandika mwenyewe.

Karatasi zikagawiwa, Nanyama akafika swali la tatu.

"Nanyama," mzee akanong'ona, na ukumbi mzima ukamsikia. "Leo tarehe ngapi?"

Bila kuinua kichwa, Nanyama alielekeza kalamu ubaoni, palipoandikwa tarehe, akaendelea na swali la nne.