Majina Mawili Kwenye Faili

Jumanne moja ya mwaka 1998, Oketch alikwenda Kisian kupima maji ya ziwa, na hakurudi. Wiki ya tatu Dorca, mwenzake katika kiwanda cha samaki Kisumu, alitaka kusoma vipimo vyake vya mwisho. Akiwa mezani pa Oketch, akajaribu kuingia kwenye kompyuta ya kituo cha vipimo cha Kisian kupitia laini ya simu. Ikamkatalia: faili ya ufunguo wa Oketch, ile inayomruhusu kuingia, inaweza kusomwa na zaidi ya mtu mmoja.

Akafungua kwenye Windows orodha ya wanaoruhusiwa kuisoma faili hiyo. Chini ya Oketch palikuwa na jina la meneja, Oduor, lililoongezwa Jumanne ile ile. Dorca akalifuta. Bado kompyuta ikakataa. Mwenye faili lazima awe yule anayeingia. Akalifuta na la Oketch, akaandika lake. Vipimo vikafunguka: sumu, pale bomba la kiwanda linapomwaga majitaka.

“Mama,” Oduor alisema akiwa mlangoni, “unakaa Nyalenda upande gani siku hizi?”

“Kwa nini, Bwana Oduor?”

“Nauliza tu. Nani mwingine anaweza kuifungua hiyo faili?”

Sasa orodha ina jina moja tu, la Dorca.