Mfalme wa Mlima na Mto Uliohama

Steinunn alinipigia simu saa tano asubuhi akiwa juu ya paa la gari, katikati ya mto. Nilijua yuko juu ya paa kwa sababu alinieleza mwenyewe bila kuulizwa.

"Hallbera, njoo na kamba ndefu. Mjomba wako ametuegesha mtoni. Na usimwambie mtu."

"Maji yamefika wapi?"

"Kwenye viti. Sufuria ya supu ninayo hapa mapajani. Njoo upesi kabla sijaanza kuinywa peke yangu."

Kazi yangu ni kuopoa magari. Karakana yangu iko pale lami inapokwisha na njia ya nyanda za juu inapoanza, na kwa miaka kumi na miwili nimetoa magari kwenye mchanga mweusi, kwenye theluji, kwenye matope, na zaidi ya yote kwenye mito. Wengi ni wageni waliokodi gari jana na leo wanadhani wanaijua Iceland. Mjomba Ketill, mume wa Steinunn, hajawahi kuiita hii kazi. Kila akinikuta dukani huniuliza kwa sauti, watu wote wasikie, "Leo umevua watalii wangapi?" Basi mtanisamehe nikisema kwamba nilipokata simu nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kicheko kiliniisha nikiwa njiani, maana nilikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Septemba, siku ya mwisho ya kukusanya kondoo walioachwa mlimani kiangazi chote. Mjomba ndiye mfalme wa mlima, ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wakusanyaji, na ameushika ufalme huo miaka thelathini na moja. Mwaka huu goti lake lilikataa farasi. Watu walipanda bila yeye kwa njia ya bonde la juu, isiyovuka mto, jirani yetu Brandur akiwa mbele, na mjomba akabaki nyumbani akitoa amri kwa redio. Siku ya mwisho akasema atawapelekea chakula mwenyewe kwenye kibanda kilicho ng'ambo ya mto. Wangefika hapo saa kumi, na baada ya kula wangekubaliana nani aongoze mwakani. Tayari kulikuwa na minong'ono kwamba mzee amechoka. Wakimkuta mtoni, basi ndiyo basi. Namjua mjomba wangu. Ukimnyang'anya mlima atakaa dirishani asubuhi hadi jioni akisubiri kufa.

Nilipofika nilitoa upepo kwenye matairi mpaka yakalegea, ili yashike vizuri changarawe, nikateremka hadi ukingoni. Mto ulikuwa wa kijivu kama maji yaliyooshewa mchele. Gari lao lilikuwa limeinama kwa mbele, na Steinunn amekaa juu ameikumbatia sufuria. Mjomba alikuwa ndani bado, nyuma ya usukani, maji yamemfika kiunoni.

"Umechelewa!" alinipigia kelele.

"Mjomba, mbona umeingia palipotulia?"

"Nimevuka hapa miaka arobaini!"

"Wa arobaini na moja haukukubali," Steinunn akadakia kutoka juu. "Nilimwambia ashuke apime kwa miguu. Akaniambia mto unamjua."

Kosa hili mgeni hawezi kulifanya, kwa sababu mgeni hana kumbukumbu ya kumdanganya. Mito yetu ya barafu huhama. Msimu wa kuyeyuka ukipita, kivuko cha mwaka jana kinaweza kuwa shimo. Lile rundo la mawe linaloonyesha pa kuvukia hubaki palepale likikuita. Palipotulia ndipo penye kina. Pa kuvukia ni pale maji yanapotanuka na kuchezacheza juu ya mawe. Aliyenifundisha hayo nikiwa na miaka tisa alikuwa huyuhuyu aliyekaa ndani ya maji hadi kiunoni.

Nikamwona anapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usiwashe!" nilifoka. "Injini imekunywa maji! Ukiwasha unaiua!"

"Usinifokee, mimi si mtalii!"

"Mtalii angekuwa ameshatoka dirishani! Toa mkono!"

Akautoa. Sijawahi kumfokea maishani, na ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri.

Nilivaa suti ya mpira, nikajifunga kamba ya usalama kwenye gari langu, nikaingia nikiegemea fimbo, hatua moja moja. Baridi ya maji yale huingia kwenye meno. Kwanza nilimteremsha Steinunn, ambaye hakukubali kuniachia sufuria mpaka nilipoapa. Kisha mjomba, ameniegemea bega zima, akiuburuta mguu wenye goti bovu. Tulipofika ukingoni nilihisi jinsi alivyokuwa mwepesi, na roho iliniuma.

Halafu nikarudi kufunga kamba ya chuma kwenye ndoano ya nyuma. Nilipitisha kamba kwenye kapi ili winchi, ile mashine ya kuvutia iliyo mbele ya gari langu, ipate nguvu maradufu, kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda na barafu huko juu ilikuwa ikiyeyuka. Kila nusu saa mto uliongezeka kidole kimoja. Gari lilitikisika, likakataa, likatikisika tena, mara likaachiwa na changarawe likaja kinyumenyume, maji yakimwagika milangoni. Steinunn alipiga makofi. Mjomba alikuwa akikagua viatu vyake.

Nilipima pa kuvukia, hatua mia mbili hivi kutoka kwenye rundo la mawe kuelekea maji yanakokwenda, nikawavusha hadi kibandani, gari lao nikilivuta nyuma ya langu. Nilimpa mjomba suruali yangu kavu ya kazi. Ilimbana, na Steinunn alisema hajamwona amependeza hivyo tangu harusi. Tukapasha supu, tukakata mkate na nyama ya kondoo ya moshi. Saa kumi kamili tukasikia kondoo wakilia bondeni, na watu kumi na tisa wakaingia, wachovu na wenye njaa, wakinuka farasi.

"Gari la mzee lina nini?" Brandur akauliza.

"Injini imegoma," nikajibu haraka. "Nilikuwa napita, nikalivuta."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Walikula, wakaimba kidogo, wakatania suruali. Bakuli zilipokwisha, Brandur mwenyewe akasimama akasema bila redio ya Ketill wangepoteza kondoo mia kwenye ukungu wa juzi, na mwakani yeye hamwoni mfalme mwingine. Wote wakagonga meza. Nilimwangalia mjomba nikafurahi kwa moyo wote. Nilikuwa nimeiopoa hata heshima yake.

Mjomba akaweka kijiko chini.

"Kesho mnavuka wapi?" akauliza.

"Palepale, kwenye mawe," Brandur akasema. "Kwani wapi tena?"

"Injini haikugoma," mjomba akasema. "Nilizama. Nilizama palepale kwenye mawe, mke wangu akakaa juu ya paa. Sikupima. Hallbera amewadanganya kwa kunihurumia, na mimi nimenyamaza bakuli mbili za supu. Nikinyamaza ya tatu, kesho asubuhi mtaingia na farasi kwenye lile shimo."

Uso ulinichoma. Mimi, mwenye kazi ya kutoa watu mitoni, nilikuwa nimefikiria heshima ya mtu mmoja nikawasahau kumi na tisa. Niliona aibu, na papo hapo nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda.

Brandur alivuta pumzi. "Sasa tuvuke wapi, mfalme?"

"Mfalme tafuteni mwingine. Mimi mwakani nasaidia jikoni."

"Jikoni kwangu huingii," Steinunn akasema, na watu wakaangua kicheko, mjomba naye akacheka mpaka suruali yangu ikachanika mshono.

"Na mto?" Brandur akauliza tena.

"Muulizeni Hallbera. Mito ndiyo kazi yake."

Vichwa kumi na tisa vikanigeukia. Mjomba akasogeza bakuli na mkate kando ili nipate nafasi ya kuchora mezani, akainama karibu yangu.

"Polepole," akasema. "Na mimi nataka kujua."