Vipimo Havisemwi kwa Sauti

Siku Fundi alipomimina chai kwenye sahani ya vifungo, kisha akauliza nani kamwekea vifungo kwenye chai yake, Pini alicheka. Alimzoea baba yake kwa utani. Akacheka mpaka alipomtazama usoni na kuona mzee hacheki, anasubiri jibu.

Fundi alikuwa mshona suti, na Pini ni binti yake, aliyeitwa hivyo kwa udogo wa mwili na ukali wa ulimi. Walifanya kazi duka moja, cherehani mbili zikitazamana, na duka lilikuwa na sheria moja tu: vipimo havisemwi kwa sauti. Fundi alizungusha tepu, akabana namba kwa kidole gumba, Pini akachungulia na kuiandika kwa chaki bila kufungua mdomo. "Mwili wa mteja ni siri yake," Fundi alisema. "Sisi tumeazimwa tu kuutazama." Mwenye kibiongo alitoka pale amenyooka, mwenye kitambi akatoka na kifua. Watu wakasifu miili, kumbe sponji! Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa siri ilikuwa ya Fundi mwenyewe. Hospitali ya jirani walimpima wakamwambia ana homa ya ini aina ya C. Ugonjwa ule ulikaa mwilini miaka na miaka bila kupiga hodi, ukalitafuna ini mpaka likasinyaa na kujaa makovu. Ndiyo maana tumbo lilijaa maji, mikono ikabaki mifupa, na siku nyingine akili ikampotea. Wakamwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa ini katika hospitali kubwa. Fundi akaikalia ile rufaa. Wakisikia ini, watu watasema ni mlevi, na yeye pombe hajaijua hata harufu.

Halafu akaja mteja mmoja, wa wale wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Akiwa anasubiri suruali yake, akasema, "Yule bingwa? Hapokei waliokwisha! Akiona mtu kachoka, anamrudisha akafie kwao. Dawa zake ni za wenye matumaini." Alivyosema kwa uhakika, ungedhani yeye na bingwa wamenyonya ziwa moja. Baba na binti wakatazamana, wala hawakumuuliza amejuaje.

Basi, ili mzee apokelewe, wakafanya walichokijua. Walishona koti. Fundi alilikata mwenyewe siku alizoamka na akili yake timamu, Pini akashona. Walijaza sponji mabegani na kifuani ili tumbo lisitokeze peke yake, mikono wakaitia bitana nene ifiche wembamba. Alipolivaa, mbele ya kioo alisimama bwana mnene mwenye neema zake.

"Nani huyu?" Fundi akauliza. "Waziri?"

"Waziri wa sponji," Pini akamjibu, wakacheka mpaka mzee akashika mbavu.

Asubuhi ya safari Pini aliingia chooni baada ya baba yake, akakuta maji hayajamwagwa vizuri. Alichokiona kilikuwa cheusi tititi, kama lami. Baba alikuwa amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote.

"Hujaona kitu," akamwambia.

"Baba, hii ni damu ya ndani..."

"Siri ya mteja, Pini. Nipe neno lako."

Akampa. Na njia nzima neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mlangoni kwa bingwa alikaa muuguzi mwenye miwani, na yeye ndiye aliyekuwa akichambua watu. Wengine aliwapa tarehe, wengine aliwaelekeza benchi la ukutani. Fundi alimwendea kifua mbele, akamsalimu kwa madaha. Pini alimshika kiwiko kama binti mwenye heshima, kumbe alikuwa amembeba nusu.

"Unatapika damu, baba? Choo kinakuwa cheusi? Unasahausahau, unachanganyikiwa?"

"Mimi? Wapi! Labda kuchanganyikiwa kwa uzuri wako, mama."

Muuguzi akatabasamu, akamtazama Pini. Pini akatazama sakafu. Wakapewa tarehe, baada ya miezi mitatu.

"Umeona?" Fundi akamnong'oneza wakitoka, macho yanang'aa. "Tumepokelewa!"

Pini akageuza shingo. Kwenye benchi la ukutani alikaa mwanamke wa manjano kama bizari, kashikiliwa huku na huku, na kando yake mwanamume aliyeacha shati wazi kwa sababu tumbo halikufungika. Mlango wa bingwa ukafunguka, wakaanza kuingizwa hao.

"Samahani," Pini akamuuliza aliyemshikilia yule mwanamke. "Mbona nyinyi mnaingia leo?"

"Mgonjwa wetu kazidiwa. Si unajua daktari anaanza na waliozidiwa?"

Hakujua. Mungu wangu, hakujua! Yule mteja alikuwa ameligeuza neno chini juu, na wao wakalishonea koti. Miezi mitatu! Mzee huyu hata wiki angeimaliza? Akamgeuza baba yake kuelekea mlango wa bingwa. Fundi akaelewa kabla hajaambiwa, akamshika mkono.

"Pini. Ulinipa neno."

"Nilikupa, baba. Na naogopa. Naogopa kukuzika ndani ya koti hili."

Akatoa mkasi mkobani. Mshono wa bega ulikuwa wake, alijua unapoanzia. Akaukata, kisha wa kifuani, sponji zikadondoka sakafuni moja baada ya nyingine, na lile koti likaning'inia kwenye mifupa huku tumbo limebaki wazi mbele ya umati.

"Dada, tumekudanganya," Pini alimwambia muuguzi, sauti inamtoka juu kuliko alivyotaka. "Choo chake leo kilikuwa kama lami. Juzijuzi alimimina chai kwenye vifungo. Huyu ndiye mgonjwa wangu, yule wa mwanzo nilimshona."

"Mbele za watu, Pini," Fundi akasema. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

Muuguzi alisimama. "Nyoosha mikono, baba. Viganja mbele, kama unazuia gari." Mikono ile, iliyokata suti za maharusi bila kuyumba, ikaanguka na kuinuka, ikaanguka na kuinuka, wala mwenyewe hakuweza kuizuia. Muuguzi aliijua dalili ile ya ini kushindwa. Akaita machela.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wazee walisema, na wao walizikwa wakisema. Pini alikaa kwenye korido na mfuko wa sponji mapajani. Aliogopa baba atakufa. Na zaidi ya hapo, kitu alichoona aibu hata kujiambia, aliogopa atakufa akiwa amemkasirikia.

Bingwa alitoka akiwa bado na glavu mkononi. Mishipa ya damu kooni ilikuwa imevimba, mmoja unavuja. Waliingiza kamera kwa mdomo, wakaifunga mishipa ile. "Leo tumevuka," akasema. "Ya kesho siwezi kukuahidi. Virusi vina vidonge vya kuvimaliza. Makovu ya ini hayafutiki, ila tutapambana na maji ya tumboni." Akautazama ule mfuko. "Mngerudi nyumbani na ile tarehe..."

Kesho yake akili ilimrudia Fundi, lakini aligeukia ukuta. Salamu aliipokea kwa kuguna. Kisha akaja muuguzi wa wodi: tumbo lipimwe kila asubuhi, wajue maji yanapungua au yanaongezeka. Akapapasa mifuko, tepu hana. Pini akavua yake shingoni.

Akaipitisha chini ya mgongo wa baba, akaileta juu ya kitovu, akabana namba kwa kidole gumba. Mdomo kimya, kwa mazoea.

"Ngapi?" muuguzi akauliza kutoka mwisho wa kitanda.

Vitanda vingine vilikuwa vinasikiliza. Pini alimtazama baba yake.

"Isome kwa sauti," Fundi akasema, bado kaelekea ukutani.

"Baba..."

"Isome."

"Inchi arobaini na mbili," Pini akasema, machozi yakimtiririka.

Fundi akageuka taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu lile koti likatwe. Akaishika tepu kwa vidole vyake, akajaribu ilivyokaza.

"Umeivuta," akasema. "Pima tena."

Pini akailegeza, akapima tena.

"Arobaini na nne."