Kikombe Kilimpita

Mwaka 1968 Danstan Mabruki alikuwa seremala wa Mkunazini, Unguja, na kila alasiri miguu yake ilimpeleka mtaa wa Amani, kwa mgema aliyeuza tembo nyuma ya minazi. Mkewe, Perpetua, alikuwa keshamwacha. Alivumilia mengi, lakini siku binti yao alipopewa kipaimara, baba mtu alikuja kanisani amelewa, akaanguka mbele ya askofu. Perpetua akafunga virago, akarudi kwao Muheza na mtoto. Watu walisema Danstan kaachwa kwa sababu ya ulevi. Mwenyewe alisema analewa kwa sababu kaachwa. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililomsaidia.

Mwenzake wa kunywa alikuwa Hilari, kuli wa bandarini, asiye na jamaa Unguja. Hawakuzungumza sana. Walikaa ubavu kwa ubavu mpaka kata ya tembo ikauke. Kwaresima ilipoanza, Hilari akakutwa amekufa chumbani mwake, na Padri Luka wa kanisa lao akaja kumtaka Danstan amtengenezee jeneza.

Mikono ilimtetemeka hata msumari haukusimama. Akapinda wa kwanza, akapinda na wa pili.

"Padri, niruhusu nikanywe kidogo tu, mikono itulie. Nikirudi ntamaliza."

Padri alivua kanzu yake, akaikunja, akashika ubao. "Piga. Ukipinda tutang'oa."

Wakaenda hivyo hivyo mpaka jeneza likaisha. Mazikoni walikuwa wao wawili, mwanakwaya mmoja na wachimba kaburi. Danstan aliutazama udongo ukishuka, akajiona ni yeye mle ndani, na wazikaji ni wale wale.

"Nimemwomba Mungu aniondolee tembo," alimwambia padri njiani. "Nimeomba mpaka nimechoka. Haondoi."

"Unaomba wakati gani?"

"Asubuhi."

"Na alasiri?"

"Alasiri nshakwenda Amani."

"Nadhani unachokifuata kule si tembo tu. Unakikimbia kile chumba chako kitupu. Basi alasiri njoo kanisani. Kama huna la kumwambia Mungu, kaa tu."

Alikwenda. Siku za mwanzo alitoka jasho, akatapika, akaona wadudu ukutani wasiokuwepo, na padri akakaa naye. Kisha mwili ukatulia. Kwaresima yote hakuonja tembo.

Siku ya Pasaka alipiga magoti madhabahuni na wenziwe. Akapokea mkate, akapokea kikombe. Divai ilipogusa ulimi, kifua kizima kiliamka. Hakusubiri baraka. Alitoka na nguo zake za sikukuu moja kwa moja mpaka Amani.

Aliporudi kwa padri, macho yalikuwa mekundu. "Ni kile kikombe, Padri."

Padri Luka alijishika kichwa. "Nami nna kosa. Sikufikiri."

"Basi ndo nimetengwa na meza ya Bwana?"

"Hapana. Utapokea mkate peke yake. Kristo yumo mzima, hakupunguka. Kikombe kitakupita."

"Watu wataona."

"Wataona."

Jumapili iliyofuata alikula mkate, akafumbata mikono kifuani. Kikombe kikampita, kikaenda kwa mama aliyepiga magoti kando yake, naye akageuka kumtazama. Masikio ya Danstan yaliwaka moto. Alijiona mgeni hata mbele ya Mungu wake. Lakini alinyanyuka mzima, akarudi kwake mzima, na Jumapili nyingine akafanya vile vile.

Mwaka uliofuata Padri Luka alihamishiwa Korogwe. Wiki hiyo hiyo msafiri kutoka Muheza alileta maneno ya Perpetua: amefurahi kusikia mumewe ameacha pombe, ila harudi. Ana shamba lake, na mtoto anasoma.

Danstan alilia mpaka akanyamaza. Alasiri ikaingia. Alikwenda kanisani akakuta mlango umefungwa. Akasimama pale, na miguu ikaanza kuikumbuka njia ya Amani. Akageuka kwa nguvu, akaingia uchochoroni, akasimama mbele ya kibanda cha Mzee Simai, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

"Shikamoo, Mzee Simai."

"Marahaba. Una nguo ya kushona?"

"Sina. Nimekuja kukaa tu. Saa hizi nikibaki peke yangu, ntakwenda kunywa."

Mzee alimtazama juu ya miwani, kisha akaondoa vitambaa kwenye benchi. "Kaa. Lakini mimi si msemaji."

Cherehani ikaendelea. Danstan aliketi akitazama kanzu ikishonwa, mate yakimjaa kinywani kwa hamu, moyoni akisema, "Bwana, nihurumie," na kuyarudia hayo hayo. Adhana ya magharibi iliposikika, mzee alinyanyuka kwenda msikitini.

"Kesho utakuja?"

"Mungu akipenda."

Danstan alipiga hodi kwa mazoea, akaingia chumbani mwake, akawasha taa. Hakuna aliyemwitikia hodi. Akala muhogo wake, akamwombea Hilari, akamwombea Perpetua na mtoto, akalala bila kunywa.