Mjane wa Kamis

Mimi ni mtu wa hasira, na wala sioni haya kusema. Mwaka sabini na nne nilikuwa na meza yangu nje ya soko la Owino, Kampala, na juu yake mashine ya taipu na kamusi ya Kiingereza iliyong'oka jalada. Watu waliniita Mama Taipu. Asiyejua Kiingereza alinieleza shida yake kwa Kiswahili, nami nikawaandikia wakubwa kwa lugha wanayoipenda.

Siku hizo wateja wangu wengi walikuwa wanawake ambao waume zao walichukuliwa. Mtu anaingizwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, gari linapanda Mbuya kwenye kambi ya jeshi, basi, harudi tena. Mke akienda kuuliza anaambiwa alete barua. Nasi wapiga taipu tulishajifunza: barua inayotaja kifo haipati jibu, na aliyeipiga anaweza kutafutwa. Kwa hiyo tulitumia maneno laini, tena tuliacha kuweka majina yetu chini ya karatasi, ingawa ndiyo ilikuwa desturi ya kazi. Mke aliyeachwa. Mke wa msafiri. Mke asiye na habari za mume. Kamusi ilinipa mengi, nikawa fundi wa kuyachagua, na nilijisifu kwa ufundi huo. Nikikumbuka leo naona aibu.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Filda Alanyo, muuza mihogo wa Kalerwe, na fomu mkononi. Mumewe Ogwal, fundi wa reli, alichukuliwa mwaka uliotangulia. Sasa ofisi ilisema Ogwal ni mtoro, na nyumba ya mtoro inachukuliwa na serikali. Filda alipewa mpaka Ijumaa alete barua ya kueleza yeye ni nani kwa Ogwal, la sivyo atoke na watoto wake wanne.

"Andika widow," akaniambia.

Alilijua neno hilo, lakini nilimfungulia kamusi hata hivyo, nikamfasiria: mwanamke aliyefiwa na mume na hajaolewa tena. Kisha nikaanza ufundi wangu.

"Dada, tuandike mke aliyeachwa. Hilo wanalipokea, utabaki na nyumba."

"Ogwal hapana kuniacha. Mimi naliona shati yake, Mama Taipu. Naliona damu. Nikiandika hii neno yao, nitaambia watoto nini? Baba alikimbia sisi?"

Nilimwambia nimeelewa. Halafu nikapiga mke aliyeachwa, kwa Kiingereza kizuri, nikijua hasomi. Nilijiambia namwokoa. Filda aliishika karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha akakiweka kidole hicho kwenye kamusi, pale nilipokuwa nimemwonyesha.

"Hii haiko," akasema. Akaichana barua vipande vinne, akaviweka juu ya mashine yangu bila kupaza sauti. "Na wewe, bwana yako iko wapi?"

"Kamis yuko safarini. Sudani."

"Miaka mitatu?"

Nikavikusanya vile vipande vya barua. Akaitazama mikono yangu, hina na bangili.

"Nyinyi Wanubi, mwanamke akifiwa anakaa eda. Wewe nalikaa?"

Nilitaka kumfukuza. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawasha, na nilipozitafuta zilikotoka, hazikuwa za Filda. Kamis alipandishwa Mbuya mwaka sabini na moja, ofisi ikasema kasafiri Sudani, na viatu vyake niliviokota barabarani mimi mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa namngojea msafiri ambaye hakusafiri.

Nikaweka karatasi mpya. Nikapiga neno la Filda kwa herufi kubwa. Na chini kabisa, mahali tulipozoea kupaacha wazi, nikapiga: Imeandikwa na Safinah, mjane wa Kamis.

Filda aliipeleka barua siku ileile. Mimi nilifunga mashine, nikarudi nyumbani Kibuli, nikavua bangili, nikavaa nguo nyeupe, nikakaa kwenye mkeka. Miezi minne na siku kumi, sitoki. Majirani walishtuka, kisha wakaja mmoja mmoja, na uji, na tasbihi. Hakuna aliyeniuliza nimepataje habari.

Ijumaa gari lilisimama nje. Aliyeshuka ni Wahabi, mwanajeshi, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kamis ndiye aliyemfundisha kuendesha lori. Alikuwa na barua ya Filda mkononi, na alikuwa ametumwa: niende naye, nibadilishe neno moja, nipige upya.

Alipofika mlangoni akawakuta wanawake wameketi kimya, Filda akiwa miongoni mwao, nami katikati na nguo nyeupe. Basi Wahabi akafanya kile ambacho kila mtoto wa Kinubi hukifanya bila kufikiri. Akavua kofia, akavua viatu, akainama.

"Poleni na msiba, mama. Mungu amrehemu mzee Kamis."

"Amina," wakaitikia wanawake wote.

Ndipo akasikia alichokisema. Akairudisha kofia kichwani, kisha akaivua tena.

"Nani alikuambia amekufa, Wahabi?" nikamuuliza. "Ofisi yenu inasema yuko safarini."

"Mama, mimi natumwa tu."

"Nimekuuliza."

Machozi yalimtoka, mwanamume mzima na bunduki begani.

"Kawaambie wakubwa zako siwezi kutoka, niko eda," nikasema. "Wakiuliza eda ya nani, waambie umeshatoa pole. Na barua hiyo sibadilishi hata nukta."

"Na mimi sitoki nyumba ya Ogwal," akasema Filda. "Wakuje kunibeba."

Wahabi aliikunja barua taratibu, akaitia mfukoni, kifuani. "Nitaipeleka hivi hivi," akasema. Akatoka na viatu mkononi.

Sikujua kama wangerudi, wala kama nyumba ya Kalerwe ingepona. Nilichojua ni kwamba gari bado lilikuwa nje, halijawashwa. Nikamwambia Filda aache mlango wazi, sauti ifike garini. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, nikamlilia mume wangu kwa sauti yangu yote, nikimtaja jina.