Kufuli Juu ya Kisima

Ndoto za mchana watu hawazipi uzito; husema ni shibe tu imepanda kichwani. Lakini siku ile Nyamizi Kasubi hakuwa ameshiba. Tumboni alikuwa na chai ya asubuhi, na moyoni alikuwa na maneno ya Mkurugenzi, na ilipofika saa nane Ijumaa, ghorofa ya tatu nzima ikiwa kimya kwa kuwa wengine walikwenda kuswali na wengine walijipa ruhusa wenyewe, alilaza kichwa juu ya mikono yake mezani akisema atafumba macho dakika mbili tu. Tumsamehe. Kwa miezi kumi na minne mama huyu alikuwa akijenga jukwaa la mtandaoni ambamo wachambuzi wa sera wa serikali, wa wizarani na wa halmashauri za mbali, wangejifunza, wangeulizana maswali na kuwekeana maandiko yao, ili mtu asianze upya kazi ambayo mwenzake aliimaliza miaka mitano iliyopita. Jukwaa hilo walilipa jina la Chemchemi, na lilikuwa lizinduliwe Jumatatu mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo Mkurugenzi, Bwana Lutengano, alikuwa amemwita ofisini kwake akamkaribisha kiti, jambo ambalo hulifanya anapokuwa na neno zito.

"Bi. Nyamizi, nimeona humo ndani kuna andiko la marehemu Stambuli. Lile la visima vya Ikuyu."

"Lipo, Mkurugenzi. Limefungwa."

"Basi libaki hivyo hivyo. Sisemi tulifute, sisi si watu wa kufuta. Nasema tuwe na tahadhari, hasa wiki hii."

Andiko lenyewe lilikuwa na kurasa sita. Stambuli, aliyekuwa mchambuzi mwenzake Nyamizi, alieleza jinsi visima kumi na viwili vilivyochimbwa katika bonde la Ikuyu vilivyotoa maji yenye floridi nyingi, mpaka meno ya watoto yakawa ya kahawia na miguu ya wengine ikaanza kupinda, na akaandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lake yeye, kwa kuwa alishauri kazi ianze kabla ya majibu ya maabara kurudi. Kisha akatia sahihi. Katika miaka ishirini na miwili ya utumishi Nyamizi hakuwahi kuona mchambuzi amekiri kosa kwa maandishi na kuweka jina lake chini. Hata hivyo alimjibu Mkurugenzi "Sawa," akatoka zake.

Aliogopa, na tuseme ukweli, alikuwa na sababu. Zamani, akiwa bado na damu ya moto, aliwahi kumpa mwenzake taarifa kabla ya kuruhusiwa, wakamhamishia masijala miaka miwili kupanga majalada. Tangu hapo akawa mtu wa kufunga kwanza na kufikiri baadaye. Hata Chemchemi aliijenga kwa moyo huo: kila andiko likiingia linajifunga lenyewe, mpaka mkuu wa aliyeliandika aridhie lifunguliwe. Wakuu nao hawakuwa na muda wa kuridhia. Aliyeomba kusoma alijibiwa na mfumo papo hapo, kwa maneno aliyoyatunga Nyamizi mwenyewe na kuyaona ya kistaarabu kabisa: Ombi lako linashughulikiwa. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani usingizi ulipomchukua.

Akajikuta amesimama kwenye uwanda mweupe usio na mti wala kivuli, jua limesimama utosini, na ardhi yote mpaka upeo wa macho imejaa mifuniko ya chuma iliyolala chini, kila mmoja na kufuli lake, na juu ya kila mmoja limeandikwa jina la mtu. Mwanzoni alidhani ni makaburi, akataka kurudi alikotoka, lakini nyuma yake hakukuwa na njia. Ndipo akasikia kugonga. Chini ya mifuniko watu walikuwa wakigonga, polepole, bila hasira, kama jirani anayekuja kuomba chumvi, na kugonga huko kulitoka pande zote hata nyayo zake zikawa zinatetemeka. Hofu ilimshika pale pale, hofu ya kitoto kabisa, akajiziba masikio na bado akasikia.

"Usijizibe," ilisema sauti kando yake. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti la kaki kama la wahudumu wa masijala, penseli imechomekwa kwenye nywele, vidole vimechafuka kwa wino. "Mimi naitwa Kumbukumbu. Nchi hii zamani ilikuwa yangu, siku hizi napita tu. Kila unayemsikia chini ni mtu aliyejua jambo na akataka wengine walijue. Amekuwa kisima. Tembea nami, na usisimame mahali pamoja kwa muda mrefu, maana kuna mwingine anayetembea huku."

Wakatembea. Wakakutana na umati wa watu wenye ndoo tupu, midomo imepasuka kwa kiu, wakikanyaga mifuniko ile huku wakiulizana maji yanapatikana wapi. Nyamizi akawatambua kwa vitambulisho vilivyoning'inia shingoni: walikuwa wachambuzi, wenzake. Katikati yao, kwenye jukwaa lenye mapambo, alisimama mama mnene mwenye tabasamu lisilozimika akigawa vyeti vyenye mhuri wa dhahabu, na kila aliyepewa alipigiwa makofi, akashuka, akakitafuna cheti chake kwa pupa ili apate angalau unyevu wa wino. "Huyo ni Bi. Sifa," Kumbukumbu alimweleza. "Huhesabu walioingia na waliomaliza. Hajawahi kumuuliza hata mmoja kama amekunywa." Bi. Sifa alimwona Nyamizi, akamwita kwa jina na kumwonyesha cheti kikubwa kuliko vyote, na Nyamizi akaona aibu kwa jinsi mkono wake ulivyonyanyuka wenyewe kukipokea.

Hakukifikia. Umati ulitawanyika ghafla, ndoo zikaanguka, na kutoka upande wa mashariki akaona kitu kikija. Kilikuwa cheupe kama uwanda wenyewe, kirefu kama bweni la shule, hakina macho, na mbele kilikuwa na ulimi mpana unaoburuzika chini. Kilitembea taratibu mno, hakikumfukuza mtu. Kilipita mfuniko baada ya mfuniko kikilamba, na jina lililolambwa lilifutika, na jina likishafutika kugonga kwa chini kulikoma.

"Usahaulifu," alisema Kumbukumbu. "Hauna haraka kwa sababu hakuna anayewahi mbele yake. Kama kuna unayemjua, mtafute sasa."

Nyamizi alikimbia. Alisoma majina huku akikimbia, viatu vimemtoka, chuma kikimuunguza nyayo, mpaka akaliona: Stambuli. Akapiga magoti.

"Kaka Stambuli."

Kugonga kukatulia. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Nyamizi."

"Ah, Nyamizi." Ilikuwa ile ile sauti yake ya mafua, iliyokuwa ikimtania kwenye chai ya saa nne. "Nimegonga sana, dada. Nifungulie. Mimi sihitaji kutoka, ninachotaka wateke tu."

Akalishika kufuli. Halikuwa na tundu la ufunguo. Mahali pa tundu palikuwa na mwandiko, na mwandiko ule ulikuwa sahihi yake mwenyewe, na mkia wake mrefu uliopinda. Kabla hajapata la kusema, mtu alichuchumaa kando yake, nadhifu, mpole, amebeba mhuri wa moto mkononi kama mtu aliyebeba kikombe cha chai.

"Usifungue, mama," alimsihi. "Mimi ni Tahadhari, nimekulinda miaka mingi. Ukifungua, mhuri huu itabidi ukae hapo kwenye paji la uso wako, na kila ofisi utakayoingia watausoma. Ukiacha, hakuna atakayekulaumu. Hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kufunga."

"Lakini anagonga."

"Namsikia. Huwa nawajibu wote." Akainamia mfuniko, akasema kwa upole, "Ombi lako linashughulikiwa."

Sauti iliyotamka maneno yale ilikuwa ya Nyamizi mwenyewe. Akamtazama Tahadhari vizuri na kuona amevaa sweta lake la kijani, lile lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, na chini ya jicho la kushoto ana kovu lake la utotoni. Alitaka kuvuta kufuli, vidole vikawa vizito. Nyuma yake ulimi ulifika kwenye ukingo wa mfuniko, baridi yake ikampanda mgongoni, na herufi ya mwisho ya jina la Stambuli ikatoweka, kisha iliyofuata, na kila ilipotoweka moja, kugonga kulipungua. Aligeuka kumtafuta Kumbukumbu. Alikuwa amefutika miguu mpaka magotini, ameshikilia penseli yake kifuani.

"Sahihi ni yako," Kumbukumbu alimwambia taratibu, "na mkono ni wako. Nisingeweza kukushauri zaidi hata kama ningekuwa na miguu."

Lilibaki neno Sta. Ulimi ulipita tena, safari hii ukagusa kitambulisho kilichokuwa shingoni mwa Nyamizi, naye akaangalia chini akaona picha yake ipo na jina lake halipo, na chini ya mfuniko pakawa kimya.

Aliamka akihema, shavu limenata mezani. Dirisha lililokuwa wazi lilikuwa likigonga fremu yake kwa upepo. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kushika kitambulisho chake na kulisoma jina, herufi moja moja, na la pili lilikuwa kulivua lile sweta la kijani. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria ndoto. Alikuwa ameijenga nchi ile kwa mikono yake miezi kumi na minne, kisima baada ya kisima, na alilijua kila kufuli.

Akafungua kompyuta, akaingia kwenye andiko la Stambuli kutazama nani aliwahi kuliomba. Maombi yalikuwa kumi na moja, yote ya mtu mmoja, Mbelwa, mchambuzi wa halmashauri ya Ikuyu. La kwanza lilikuwa na salamu ndefu na heshima zote. La mwisho lilikuwa la siku hiyo, saa saba na dakika arobaini: Nimeandika bila hilo andiko. Waraka wa visima vipya unakwenda kwa madiwani leo, kikao Jumatatu. Chini yake, kama chini ya mengine kumi, mfumo ulikuwa umejibu kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Nyamizi aliogopa kuliko alivyoogopa ndotoni, kwa sababu hapa asingeamka. Aliondoa kufuli. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi."

"Marahaba. Mbelwa, waraka uko wapi?"

"Upo masijala, mama. Dereva anakuja saa kumi kuuchukua, madiwani wagawiwe leo."

"Usiondoke. Fungua Chemchemi sasa hivi, andiko limefunguka. Anza na ukurasa wa nne."

Alisikia kiti kikivutwa, kisha pumzi tu. Zilipita dakika nyingi. Mbelwa aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni bonde lile lile, mama. Visima vipya tumeviweka bonde lile lile. Binti yangu anasoma shule ya pale."

"Urudishe waraka."

"Masijala hawarudishi kitu bila dokezo. Wataniuliza ni kwa maelekezo ya nani. Niandike nani?"

Viatu vilisikika mwisho wa korido, vile vyenye kisigino kigumu ambavyo ghorofa nzima inavijua. Mkurugenzi alikuwa anarudi ofisini. Kwa kitambo kifupi maneno yaliyomjia Nyamizi ulimini yalikuwa yale yale ya mfumo, yale ya kistaarabu. Akayameza.

"Andika Nyamizi Kasubi. Majina yote mawili, na tarehe ya leo."

"Subiri, mama, kalamu hii haiandiki vizuri."

Akasubiri roho mkononi, huku viatu vikikaribia, mpaka Mbelwa aliposema ameshaandika. Mlango ukagongwa. Nyamizi akaweka simu chini, akainuka kwenda kufungua.