Uji Uliorudishwa Sufuriani

Mwaka wa hamsini na moja, mashamba ya karanga ya Waingereza pale Nachingwea yalipoanza kufa, wanaume waliachishwa kazi makundi kwa makundi. Wengi walikwenda kutafuta kibarua kwenye mkonge, wasilete habari. Wake zao na watoto walibaki nyuma ya karakana, katika vibanda vya mbao za masanduku yaliyoleta matrekta.

Hapo misheni ilikuwa na Nyumba ya Akina Mama. Kila asubuhi watoto walikunywa uji uliotiwa maziwa ya unga, wenye vidonda wakasafishwa, na mama zao wakafundishwa kushona. Mpishi alikuwa Marietha, Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mjane tangu mumewe alipoangukiwa na mti wakati wa kufyeka pori. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Jumapili hakukosa kanisani.

Asubuhi moja Mwalimu Eustakio, katekista aliyesimamia nyumba ile, alisimama mlangoni.

"Kuanzia leo," alisema, "uji ni wa watoto waliobatizwa. Wengine warudi nyumbani."

Swaumu, Mmwera wa Nkowe, alikuwa ameshaingia. Mwanawe Rabia alikuwa amevimba miguu, na nywele zake zimegeuka nyekundu kwa njaa. Marietha alikuwa amekwisha kumpa kikombe.

"Mwalimu, nyumbani kuna nini?" Swaumu aliuliza. "Tunachimba ming'oko, mizizi ya porini, nayo imekwisha."

"Amri si yangu, mama."

"Matofali ya nyumba hii nilifyatua mimi, na huyu akiwa tumboni. Mbona siku ile hamkuniuliza dini?"

Eustakio aliinama, akakitoa kikombe mikononi mwa mtoto, akaumimina uji sufuriani. Rabia hakulia. Alibaki amenyoosha mikono vilevile, kana kwamba kikombe kingerudi.

Marietha alichukua matambara mawili.

"Zena!" alimwita Mkristo mwenzake aliyekuwa karibu. "Shika upande huo."

Waliiinua sufuria kwa matambara, wakapita nayo mbele ya Eustakio, wakaenda kuiweka chini nje, kwenye vumbi, mbele ya vibanda. Marietha akagawa. Aliyebatizwa alikunywa, asiyebatizwa alikunywa.

"Huo ni wizi!" Eustakio alifoka. "Unaiba mali ya kanisa!"

"Na wewe umemnyang'anya mtoto uji mdomoni. Hiyo yako inaitwaje?"

Kesho yake ghala la unga na maziwa lilikuwa na kufuli. Swaumu hakupiga kelele. Alipita kibanda kwa kibanda akisema neno moja: hakuna kuchota maji. Maji yote ya misheni, ya kupikia, ya zahanati, ya bustani ya padri, yalipanda kutoka bondeni vichwani mwa wanawake wale. Wakristo nao waligeuza ndoo zao. Mmoja alisema anaogopa dhambi, Zena akamwambia, "Basi kawachotee peke yako." Hakwenda.

Padri aliporudi kutoka safari ya Ruangwa alikuta mboga zimenyauka na mapipa makavu. Akamwita Marietha barazani. Eustakio alisimama pembeni, kofia mkononi.

"Mwalimu alinielewa vibaya," padri alisema kwa upole. "Nitamhamisha. Kesho ghala litafunguliwa kwa wote."

Marietha alimtazama Eustakio. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechapwa kwa kosa la mwingine.

"Padri, wewe ulimwambia nini?"

Padri alichezea msalaba wake. "Maziwa yalikuwa yanapungua. Nilimwambia aanze na watu wetu."

"Watu wetu ni akina nani?"

"Marietha..."

"Nakuuliza, Padri. Waliokufyatulia matofali ni watu wa nani?"

Marietha alitoka bila kupiga goti wala kuomba baraka, akarudi jikoni.

Ghala lilifunguliwa kweli, na watoto wote wakanywa. Swaumu hakuja tena. Alimbeba Rabia mgongoni, akatembea mpaka kwa kaka yake Nkowe, walikokuwa na mihogo kidogo. Kabla hajaondoka Marietha alimtilia maziwa ya unga kwenye kitambaa, mengi, mchana kweupe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Baada ya mavuno ilikuja habari kwamba mtoto anatembea.

Jumapili ya kwanza baada ya ghala kufunguliwa, padri alihubiri juu ya kusameheana, kisha akawataka akina mama wasimame waishukuru misheni kwa uji. Kanisa zima liligeuka kumtazama Marietha. Alikaa palepale kwenye benchi, mikono mapajani. Zena naye alikaa, na nyuma yao hakuna aliyenyanyuka.

Padri alingoja. Kisha akafungua kitabu chake, akaendelea na misa.